MZIGO UMEPIMWA, DEREVA BADO

Ni jambo lisilopingika kwamba uchumi wa nchi za Afrika Mashariki na Kati hautembei kwa hotuba, wala kwa mikataba inayotiwa sahihi Arusha. Unatembea kwa magurudumu. Shaba ya Zambia na ya Kongo inayoteremka bandarini Dar es Salaam, mafuta yanayopanda Kigali na Bujumbura, mbolea, ngano, saruji na dawa zinazokwenda kwa wananchi walio mbali na bahari, vyote hivyo kwa sehemu kubwa vimewekwa katika mikono ya mtu mmoja aliyekaa nyuma ya usukani. Mtu huyo huvuka mpaka mmoja, na pengine miwili, katika safari moja. Kwa hiyo ni haki kuuliza: nani amempima, amempima kwa kipimo gani, na je, kipimo hicho kina maana ile ile anapofika upande wa pili?

Jibu la swali hilo si la kujivunia. Nchi jirani zimekwisha kukubaliana juu ya uzito wa lori, juu ya ekseli zake na juu ya karatasi za shehena. Chini ya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, gari pamoja na mzigo wake havipaswi kuzidi tani 56, na lori lililopita kihalali kwenye mizani ya Vigwaza halina sababu ya kuogopa mizani ya nchi ya pili. Hilo ni jambo jema, na waliolifanyia kazi wanastahili pongezi. Lakini mtu anayeliendesha lori hilo hilo bado anapimwa kwa vipimo ambavyo kila nchi imejitungia peke yake. Mzigo umepimwa, dereva bado.

Herufi zisizoelewana

Leseni ya udereva ni cheti. Kila mwalimu anajua kwamba cheti kina thamani pale tu msomaji wake anapojua alama zilizoandikwa zina maana gani. Alama ikiwa ni ya ufaulu katika shule moja na ni ya kushindwa katika shule ya pili, vyeti vya shule hizo mbili haviwezi kulinganishwa bila ya kumdhulumu anayestahili na kumpendelea asiyestahili. Hali ya leseni za madereva wa magari ya biashara katika nchi jirani inakaribia sana mfano huo.

Nchini Tanzania, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Na. 30 ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho na kanuni zake, herufi C ni ya magari ya abiria. C yenyewe ni ya basi linalochukua abiria 30 au zaidi, na C1, C2 na C3 ni za magari ya abiria yaliyo madogo kuliko hilo. Herufi D ni ya gari la kawaida: si pikipiki, si gari la abiria wa kulipa, wala si gari zito la biashara. Dereva wa lori hupewa E.

Upande wa pili wa Namanga mambo ni mengine. Nchini Kenya, ambako kazi ya leseni iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, C ndiyo herufi ya malori, CE ni ya lori zito lenye tela, na D ndiyo herufi ya magari ya abiria, ikigawanywa D1, D2 na D3 kwa kufuata ukubwa wa gari. Nchini Uganda lori la kati ni CM na lori zito ni CH, ambapo magari ya abiria ni DL, DM na DH. Ukivuka Rusumo au Kabanga unawakuta Rwanda na Burundi, warithi wa utaratibu wa Wabelgiji, ambao kwao C ni lori, D ni basi na E ni ruhusa ya kuvuta tela. Ukivuka Tunduma unaikuta Zambia, ambayo inatumia alama za nchi za SADC: C1 na C kwa malori, na EC kwa lori lenye tela.

Matokeo yake ni kwamba Mtanzania mwenye D, ambaye nyumbani haruhusiwi kuendesha hata daladala, anabeba mfukoni herufi ambayo Nairobi na Kigali ni ya basi. Mwenzake mwenye C, aliyefundishwa kubeba abiria, anabeba herufi ambayo ng'ambo ya mipaka hiyo ni ya lori. Na dereva hodari wa semi-tela, aliyepanda na kushuka Mlima Kitonga kwa miaka mingi, anabeba D na E. Askari wa nchi jirani akizisoma herufi hizo kwa kamusi ya kwao, atadhani amemkamata dereva wa basi linalovuta tela!

Mtu anaweza kucheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Tofauti haziishii kwenye herufi. Daraja E la Tanzania linafunga ndani yake lori la kawaida na lori lenye tela, ambapo Kenya na Zambia zimeyatenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu kurudisha tela nyuma, kupiga nalo kona na kulizuia lisiisukume kabini mteremkoni ni ufundi wa pekee. Leseni ya Tanzania huchukua miaka 5 kabla ya kuhuishwa. Ya Kenya huchukua mwaka 1 au miaka 3. Hata mamlaka zinazohusika hazifanani. Kenya imeziweka kazi nyingi chini ya chombo kimoja. Nchini Tanzania mafunzo hutolewa na vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na vile vya VETA, mtihani husimamiwa na Jeshi la Polisi, kadi hutolewa na Mamlaka ya Mapato, na tangu ilipoundwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini mwaka 2019, dereva wa gari la biashara huthibitishwa na mamlaka hiyo pia.

Juu ya yote hayo kuna suala la upande wa barabara. Tanzania, Kenya, Uganda, Zambia na Malawi huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Dereva anayetoka Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200, anavuka mto Kagera pale Rusumo, na kutoka hapo kila alichokizoea kinageuka: kona, njia panda, kupishana na kutazama vioo. Hakuna mtihani mmoja wa Jumuiya unaomtaka aonyeshe kwanza kwamba analiweza geuko hilo. Anaachiwa akili yake na rehema za Mwenyezi Mungu.

Karatasi inaheshimiwa, kipimo hakilingani

Watakuwapo watakaosema kwamba shida hii imetiwa chumvi, kwa kuwa malori yanavuka kila siku. Ni kweli yanavuka. Kwa desturi ya tangu zamani, leseni iliyotolewa na Tanzania, Kenya au Uganda huheshimiwa na wenzake wawili. Sheria za nchi hizo tatu zilichimbuka katika shina moja la sheria za Waingereza, na ya Kenya inatoka moja kwa moja katika sheria ya mwaka 1953. Lakini kinachoheshimiwa katika desturi hiyo ni karatasi tu. Nchi inamkubali mgeni bila ya kujua alifundishwa saa ngapi, alipimwa kwa gari la ukubwa gani, alikaguliwa macho lini, na amewahi kufungiwa leseni wapi.

Mtu wa kwanza kuumizwa na utaratibu huo ni dereva mwema. Yeye amesoma, amefanya mtihani wa haki, hajanywa kazini na hajaua mtu. Lakini akitaka kuajiriwa na kampuni ya nchi jirani, miaka yake yote ya kazi haimo katika cheti chake. Anapoulizwa maswali mpakani au njiani, hana alama ya kueleweka ya kujitetea nayo. Palipo na utata wa kanuni ndipo rushwa inapojipatia kiti: askari asiye mwaminifu akiiona leseni ya kigeni anaona mfuko wa mtu, na dereva ambaye mzigo wake unasubiriwa hulipa ili apite. Wakati huo huo dereva mbaya anapata maficho. Akiharibu sifa yake katika nchi moja anahamia katika nyingine, kwa kuwa hakuna daftari la pamoja linalomfuata.

Inafaa kukumbuka kwamba Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa hila mwezi Novemba 1965, Zambia ilihatarishwa kukatiwa njia ya mafuta na njia ya shaba yake. Tanzania ilifungua bandari na barabara yake. Mwaka 1966 nchi hizo mbili ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, na madereva wakaingia katika barabara ya vumbi na matope ambayo kwa ubaya wake ililinganishwa na jehanamu. Kabla ya bomba la mafuta kukamilika mwaka 1968, na kabla ya reli ya TAZARA kuanza kazi katika miaka ya 1970, ni madereva hao walioiweka Zambia hai. Ukombozi wa Kusini mwa Afrika una deni kwa watu wa usukani, nalo ni deni ambalo halijaandikwa vya kutosha katika vitabu vya shule.

Ni jambo la kushangaza basi kwamba katika Jumuiya ya leo wengine wote wametangulia. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, ilizitaka nchi wanachama kutambuana sifa za kitaaluma. Wahasibu walipata makubaliano yao, wasanifu majengo yao, wahandisi yao, na baadaye madaktari wa mifugo. Hakuna mpenda umoja anayeweza kuyapinga makubaliano hayo. Lakini mfanyakazi ambaye kazi yake yenyewe ni kuvuka mpaka, anayeuvuka mara nyingi kwa mwezi kuliko mhandisi kwa mwaka, ndiye aliyeachwa nyuma. Je, ni kwa sababu ofisi yake ni kabini na sare yake ina mafuta? Jumuiya ya wananchi haiwezi kuanza na wenye shahada na kuwaacha wavuja jasho wasubiri barabarani.

Gharama inayolipwa kwa damu

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa cha vifo kuliko kanda nyingine: kiasi cha watu 19 kwa kila watu 100,000, ingawa magari yake ni machache. Ajali ina sababu nyingi. Barabara nyembamba, matairi yaliyochoka, breki zisizotunzwa na tamaa ya mwenye gari, vyote vimo. Lakini ufundi wa dereva ni sababu ambayo Serikali inaweza kuishughulikia bila ya kusubiri barabara mpya. Katika mteremko wa Sekenke, wa Kitonga au wa Mbalizi, linaloamua ni kama dereva alifundishwa kuteremka kwa gia nzito toka juu, au alijifunza kwa utingo mwenzake kuzikalia breki mpaka zishike moto.

Kwa magari ya mafuta jambo hili ni zito zaidi. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, Kenya, lori la mafuta lililopinduka lililipuka na kuua watu zaidi ya 100. Tarehe 2 Julai 2010 katika mji mdogo wa Sange, mashariki mwa Kongo, waliokufa walizidi 200. Tarehe 10 Agosti 2019 ilikuwa zamu ya Msamvu, Morogoro, ambapo Taifa lilizika watu zaidi ya 100. Katika misiba yote mitatu wananchi walikuwa wameyakimbilia mafuta yaliyomwagika, na somo hilo ni la elimu kwa umma. Lakini kila msiba ulianza na tangi lililolala chini. Afrika ya Kusini imelitambua jambo hili: dereva wa bidhaa za hatari anahitaji kibali cha pekee, na hakipati kabla ya kutimiza miaka 25, ambapo wa mizigo ya kawaida hupata chake akiwa na miaka 18 na wa abiria akiwa na miaka 21. Mafuta yanayotoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda nchi jirani hayabadiliki tabia yanapovuka mpaka. Kwa nini basi masharti ya mtu anayeyabeba yabadilike?

Wengine wamelitatua

Hakuna aibu ya kujifunza penye funzo, hata kwa mataifa ambayo siasa yao si ya kuigwa. Marekani ni nchi moja, lakini leseni hutolewa na majimbo. Kabla ya mwaka 1986, majimbo kadhaa yalimruhusu mtu mwenye leseni ya gari dogo kuendesha lori lenye tela. Madereva wasio waaminifu walikusanya leseni za majimbo mbalimbali: huku wanaonyesha hii, kule wanaonyesha ile, na makosa yao yakatawanyika yasionekane pamoja. Sheria ya mwezi Oktoba 1986 ilikata mzizi wa fitina hiyo. Iliagiza kwamba dereva wa gari la biashara atakuwa na leseni moja tu, na ikaweka kiwango cha chini ambacho kila jimbo lazima likifikie. Majimbo yalipewa muda hadi tarehe 1 Aprili 1992. Hata hivyo kazi haikwisha siku hiyo. Ilichukua hadi tarehe 7 Februari 2022 kwa mafunzo ya lazima ya dereva mpya kuwekewa kipimo cha taifa zima, na hadi leo kijana wa miaka 18 anaweza kuendesha lori ndani ya jimbo lake lakini haruhusiwi kuvuka jimbo nalo kabla ya miaka 21.

Umoja wa Ulaya nao, wenye nchi zenye bendera, lugha na majeshi tofauti, uliamua mwaka 2003 kwamba leseni peke yake haimtoshi dereva wa lori au basi. Anatakiwa kuwa na sifa ya kitaaluma ya kazi hiyo, na kurudi darasani kwa saa 35 katika kila miaka 5. Cheti hicho kikitolewa na nchi moja kinatambuliwa na zote.

Funzo la mifano hii miwili ni moja. Hakuna jimbo la Marekani wala nchi ya Ulaya iliyonyang'anywa mamlaka ya kutoa leseni. Mkono unaotoa umebaki wa kila mmoja. Kipimo kimefanywa cha wote. Wale wanaohofia kwamba kulinganisha leseni ni kuuza uhuru wa nchi wanachanganya mambo. Uhuru wa nchi haupungui kwa nchi kujua ni mtu wa namna gani anaendesha tani 56 katika barabara yake. Uhuru hupungua pale isipojua.

Nani alipe ada

Lakini kipimo kimoja chenye haki hakiwezi kujengwa juu ya mgongo wa dereva peke yake. Mwezi Aprili 2015, na tena mwezi Mei mwaka huo huo, madereva wa mabasi na malori nchini Tanzania waligoma. Miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo sharti la kurudi chuoni kila walipotaka kuhuisha leseni, na ukosefu wa mikataba ya ajira. Abiria walikwama Ubungo na katika vituo vingine, na Serikali ikalazimika kulisitisha sharti hilo.

Mgomo ule haukufaa kusomwa kama chuki ya madereva kwa elimu. Mtu asiye na mkataba, anayelipwa posho kwa safari, ambaye siku asiposafiri hali, akiambiwa akae darasani na ajilipie ada, amefutiwa chakula cha watoto wake. Wakati huo huo mwenye lori, anayefaidi ufundi wa dereva huyo kila kilomita, hadaiwi kitu. Huo ni unyonyaji uliovikwa koti la usalama barabarani. Mafunzo ni gharama ya biashara ya usafirishaji, kama yalivyo matairi na mafuta, na anayevuna faida ndiye anayepaswa kuyalipia. Mkutano wowote wa mawaziri utakaolinganisha mitaala bila ya kulinganisha wajibu wa mwajiri utakuwa umeandaa mgomo wa pili, safari hii wa nchi nane kwa pamoja.

Linalowezekana

Hapana anayeweza kusema kwamba msingi wa kisheria haupo. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara yake ya 90 kuzioanisha sheria na kanuni zao za barabarani. Jumuiya imekwisha kuandaa mtaala wa pamoja wa mafunzo ya madereva wa magari makubwa ya biashara. Mpango wa Utatu wa COMESA, EAC na SADC, ulioanza mwaka 2017, umetayarisha sheria za mfano na makubaliano ya usafiri wa kuvuka mipaka. Karatasi zipo. Kinachosubiriwa ni utekelezaji.

Wala hapana anayeweza kusema kwamba muda hautoshi. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia, madereva walirundikana Namanga, Holili, Rusumo na Malaba. Kila nchi ilikuwa na kipimo chake na haikuamini cha mwenzake. Pale Rusumo madereva walitakiwa wakabidhi magari yao kwa wenzao wa upande wa pili. Lakini katika mwaka huo huo Jumuiya iliunda mfumo wa kielektroniki wa kumfuatilia dereva na shehena, ili cheti cha afya kilichotolewa na nchi moja kisomeke na kuaminiwa na nyingine. Ikiwa damu na kamasi za dereva ziliweza kulinganishwa katika miezi michache ya taharuki, ufundi wake unawezaje kushindikana kulinganishwa katika robo karne ya amani?

Mambo ya kufanywa ni bayana. Kwanza, Tanzania ianze na nyumba yake kwa kuyapanga upya madaraja ya leseni, ili C iwe ya lori, D iwe ya abiria, na tela liwe na alama yake, kama zilivyo nchi nyingi zinazoizunguka. Hili halihitaji kusubiri kikao cha nchi yoyote. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya na wa SADC pia; ndiyo mlango wa pande zote mbili, na mlango ukiwa na kitasa cha peke yake anayepata taabu ni kila mpitaji.

Pili, mtaala wa pamoja uliokwisha kuandikwa ufundishwe kweli vyuoni, na cheti chake kiwe sharti la kuendesha lori nje ya mpaka. Ndani yake yawemo mafunzo ya kuendesha upande wa kulia na ya kubeba mafuta na bidhaa nyingine za hatari. Tatu, liwepo daftari moja la madereva wa kuvuka mipaka, ambalo afisa wa Tunduma na wa Malaba wanaweza kulisoma, ili aliyefungiwa leseni katika nchi moja asiamke salama katika nyingine. Nne, ada ya mafunzo iwe juu ya mwajiri, na dereva alipwe siku zake za darasani.

Tano, mitihani na vyeti viwe katika Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Jumuiya. Kiswahili kilikubaliwa kuwa lugha rasmi ya Jumuiya mwaka 2021, na hakuna kundi la wafanyakazi lililokitangulia uamuzi huo kama madereva. Kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi, ndicho wanachoulizana njia, ndicho wanachoonyana juu ya kona mbaya. Ni dhuluma kumpima mtu ufundi wa gia kwa lugha ambayo hakuizaliwa wala hakuisomea, kisha akishindwa kusemwa kwamba hajui gari.

Kazi hii si ya mawaziri peke yao. Iko mikononi mwa afisa wa wizara ambaye faili la kulinganisha madaraja ya leseni limelala mezani kwake. Iko mikononi mwa mwalimu wa chuo cha ufundi atakayekubali au kukataa kumpitisha mwanafunzi ambaye hajawahi kurudisha tela nyuma. Iko mikononi mwa afisa wa mpakani anayeweza kuisoma leseni kama cheti cha mfanyakazi au kama nafasi ya kula. Kila mmoja wao akitimiza wajibu wake, mawaziri watakutana kuthibitisha jambo lililokwisha kufanyika. Wakisubiriana, Jumuiya itaendelea kujua kwa kilo uzito wa kila mfuko wa saruji unaovuka mpaka, bila ya kumjua mtu aliyeubeba.